Mzigo wavuka mpaka, alama za mtoto zabaki nyuma

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi nchini Kenya waliingia Gredi ya 10, baada ya watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 kufanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Mwezi huohuo Tanzania ilipokea wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza. Uganda, ambayo mwaka wake wa masomo huanza Februari, huwa katika msimu wa kutafuta nafasi za Senior One.

Kwa mzazi anayeishi na kufanya kazi mahali pamoja, kila nchi ina utaratibu wake na anaufuata huo mmoja. Hali ni tofauti kwa familia inayolala Namanga upande mmoja na kuuza upande wa pili, au yenye duka Busia ya Kenya na ndugu Busia ya Uganda. Familia hiyo ina shule za nchi mbili ndani ya mwendo wa bodaboda, na kwa miaka mingi imezoea kuchagua kama inavyochagua soko: palipo nafuu na karibu, na pasipofaa unahama.

Mazoea hayo yanaanza kuwa ghali. Sababu kubwa haimo kwenye karo wala mpakani. Imo katika namna mitihani inavyohesabiwa sasa. Zamani mtihani mmoja wa mwisho uliamua kila kitu, hivyo mtoto aliyehamishwa katikati aliweza kufidia kwa kusoma kwa bidii mwaka wa mwisho. Siku hizi sehemu ya alama hukusanywa mwaka baada ya mwaka, ndani ya mfumo wa nchi moja. Mtoto akivuka, anavuka na begi na sare mpya, lakini alama zilizokwisha kukusanywa hubaki alikotoka.

Nchi tatu, njia tatu za kupata nafasi

Nchini Kenya mzazi na mtoto wana sauti kubwa zaidi kwenye karatasi. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kisha huchagua michanganyiko ya masomo na shule 12. Kati ya hizo, 9 ni za bweni, ambapo 3 ziko katika kaunti yake na 6 nje ya kaunti, na 3 ni za kutwa katika kaunti ndogo yake. Shule zimepangwa katika makundi manne, kuanzia C1, ambazo zamani ziliitwa shule za kitaifa, hadi C4 za kaunti ndogo.

Mpangilio huo una mtego. Wazazi wengi hutazama jina la shule kwanza na mchanganyiko wa masomo baadaye. Lakini si kila shule hufundisha kila mchanganyiko. Anayejaza shule kubwa tisa za bweni zenye ushindani mkali, kisha akajaza za kutwa bila kuzikagua, hujikuta mtoto amepelekwa kwenye shule ambayo familia haijawahi kuikanyaga. Matokeo ya upangaji yalipotoka Desemba, serikali ililazimika kufungua dirisha la kuomba kubadilishiwa shule. Dirisha hilo ni la siku chache, na mfanyabiashara aliye safarini Kampala au Arusha anaweza kulikosa kabisa.

Tanzania hufuata njia nyingine. Mtoto wa shule ya serikali hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Septemba, na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hutangaza waliochaguliwa na shule walizopangiwa. Mzazi hachagui. Wengi hupangiwa sekondari ya kata, na wachache wenye ufaulu wa juu huenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Tangu 2016 hakuna ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne katika shule za serikali. Mwenye kutaka kuchagua huenda shule binafsi, ambako mambo huanza mapema: fomu hununuliwa na usaili hufanyika miezi kadhaa kabla ya Januari. Anayengoja matokeo ndipo aanze kutafuta hukuta nafasi nzuri zimekwisha.

Uganda iko katikati. Mtahiniwa wa PLE hutaja shule anazozitaka, na baada ya matokeo wakuu wa shule hukutana na kuchukua wanafunzi kwa kufuata alama. PLE ina masomo manne, na jumla bora ni 4 huku mbaya zaidi ikiwa 36. Kila shule yenye jina huweka kiwango chake cha kukata. Aliyekosa shule aliyoitaja huzunguka na karatasi ya matokeo mkononi akiomba nafasi shule kwa shule. Hapa ndipo wazazi wengi kutoka nchi jirani huingilia, kwa kuwa shule binafsi za Uganda ni nyingi na mlango wake hufunguliwa kwa mazungumzo na malipo ya muhula wa kwanza.

Alama zinazokusanywa njiani

Wafanyabiashara wanajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo sasa inahusu watoto wao.

Nchini Kenya, alama zinazompeleka mtoto Gredi ya 10 hutoka sehemu tatu. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 una asilimia 60. Tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 ina asilimia 20. Asilimia 20 iliyobaki hutokana na tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba mtoto aliyesoma Uganda au Tanzania hadi umri wa miaka 13, kisha akarudishwa nyumbani aingie Gredi ya 8, anafika akiwa hana alama za Gredi ya 6 na za Gredi ya 7. Kabla ya kumhamisha, mzazi anapaswa kupata jibu la maandishi kutoka shuleni, na shule kutoka Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, kuhusu jinsi pengo hilo litakavyoshughulikiwa. Ahadi ya mdomo ya mwalimu mkuu haitoshi.

Uganda nayo ilibadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE chini ya mtaala huo ulifanyika 2024. Katika mfumo huo asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini endelevu ya shuleni tangu Senior Three, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Ile desturi ya zamani ya kumleta mtoto Senior Four kutoka ng'ambo ili “afanye mtihani tu” imepoteza msingi wake. Baraza la mitihani la huko, UNEB, linahitaji alama za miaka miwili.

Tanzania ina upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, ambao ni lango la kuingia kidato cha tatu. Mtoto anayetoka nje na kutaka kuingia kidato cha tatu hana namba ya upimaji huo. Familia yake hulazimika kwanza kuomba ulinganifu wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Ulinganifu husema kwamba kiwango fulani cha nchi jirani ni sawa na kiwango fulani cha hapa. Hauzalishi alama ambazo mtoto hakuwahi kupewa.

Malango hayakai mahali pamoja

Ukihesabu miaka ya shule tangu darasa la kwanza, ugumu unaonekana wazi. Kenya ina malango baada ya mwaka wa 6, wa 9 na wa 12. Uganda inayo baada ya mwaka wa 7, wa 11 na wa 13. Tanzania, kwa mfumo unaomalizika, inafanana na Uganda.

Kwa hiyo mtoto wa Kenya aliyemaliza Gredi ya 9, akitaka kuvuka, anaangukia Senior Three ya Uganda au kidato cha tatu cha Tanzania. Kwake ni mwanzo wa ngazi, kwa wenyeji ni katikati. Vivyo hivyo, kijana wa Uganda aliyemaliza UCE baada ya miaka 11 akivuka kwenda Kenya anakuta wenzake wa umri wake wako Gredi ya 12, miaka miwili ndani ya mchanganyiko wa masomo waliouchagua. Itabidi arudi nyuma miaka miwili au ajibane katikati ya safari.

Rwanda, ambayo wafanyabiashara wa Rusumo na Gatuna wanaijua vizuri, ina ngazi za 6, 3 na 3, sawa na za Kenya kwa hesabu ya miaka. Lakini mwaka wake wa masomo huanza Septemba, kama ilivyo Burundi na Kongo. Anayetoka Kenya Novemba hukuta Kigali muhula wa kwanza unaelekea ukingoni. Ama anaingia akiwa nyuma, ama anakaa nyumbani hadi Septemba.

Tanzania nayo imeanza kuhama. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inafupisha elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6 na kufanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Katika kipindi cha mpito, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba wa mwaka 2027 wamepangiwa kumaliza pamoja na kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Hilo lina maana mbili kwa mzazi wa mpakani. Ya kwanza ni njema: baada ya hapo, lango la mwaka wa 6 litakuwa mahali pamoja Kenya, Tanzania na Rwanda, na mtoto ataweza kuvuka hapo bila kupoteza mwaka. Ya pili ni onyo: mwishoni mwa 2027 makundi mawili yatagombea nafasi za mwaka mmoja. Shule binafsi za Kilimanjaro, Arusha, Mara na Kagera, ambazo huvuta watoto wa pande zote mbili, zitapata maombi mengi. Mwenye mtoto aliye katika mojawapo ya makundi hayo hana sababu ya kungoja Septemba 2027 ndipo aanze kuuliza.

Kwa nini wazazi bado huvuka

Haitakuwa haki kusema kwamba wanaovusha watoto hawajui wanalofanya. Sababu zao ni za kweli. Mama anayefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri Busia anataka mtoto asome mahali anapoweza kumwona jioni, hata kama mahali hapo ni nchi nyingine. Baba kutoka Isebania anaona shule za serikali upande wa Sirari hazidai ada. Wakenya wengi walipeleka vijana Uganda kwa ajili ya Senior Five na Six tangu Kenya ilipoacha ngazi hiyo kwa kuingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985.

Kuna pia suala la lugha, ambalo hupimwa kidogo kuliko linavyostahili. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, hisabati na sayansi zikiwemo, na sekondari hubadilika kuwa Kiingereza. PLE ya Uganda hufanywa kwa Kiingereza. Mtoto hodari wa hesabu kutoka darasa la tano Tanzania anaweza kuonekana mzito Primary Six upande wa pili, kumbe tatizo ni swali lililoandikwa kwa maneno asiyoyajua. Mtoto wa Kenya aliyezoea “fractions” hukutana na “sehemu” na “asili” upande wa Holili na kubabaika vilevile. Mwaka mmoja wa kuzoea lugha unapaswa kuingizwa kwenye hesabu, na mwaka huo usiwe mwaka wa mtihani.

Hesabu ya fedha

Viwango rasmi nchini Kenya vinaeleweka. Serikali huchangia Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Mzazi wa shule kubwa za bweni hulipa hadi Sh53,554 kwa mwaka, na wa shule nyingine za bweni Sh40,535, wakati shule za kutwa hazina karo ya masomo. Yanayoumiza ni yale yaliyo nje ya kiwango: sare, godoro, sanduku, vitabu, nauli na michango yenye majina mengi. Nchini Tanzania pia, kutokuwapo kwa ada hakufuti sare, daftari, chakula na nauli.

Kwa anayevuka, kuna gharama ya ziada ambayo wafanyabiashara wanaijua kuliko mtu mwingine yeyote: kubadilisha fedha. Karo ya Uganda hulipwa kwa muhula, mara tatu kwa mwaka, kwa shilingi ya Uganda. Mzazi anayepata faida yake yote kwa shilingi ya Kenya hununua shilingi ya Uganda kila muhula kwa bei ya siku hiyo, na siku za kufungua shule madalali wa fedha mpakani hawana huruma. Anayeuza bidhaa upande wa pili ana nafuu. Akitenga sehemu ya mauzo ya huko na kuilipa shuleni moja kwa moja, hakatwi mara mbili. Hivyo swali la mahali pa kumsomesha mtoto lina swali lingine ndani yake: familia hupata fedha za nchi gani, na je, soko hilo litakuwapo kwa miaka minne ijayo? Soko likifungwa mwaka wa pili, mtoto ndiye atakayehamishwa.

Makaratasi kabla ya sare

Katika nchi zote tatu, karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Watoto wengi wa mpakani huzaliwa upande mmoja na kuandikishwa upande mwingine, au hawaandikishwi kabisa hadi shule ikidai. Majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, karatasi ya matokeo na pasipoti ni chanzo cha usumbufu unaochukua miezi. Kulisahihisha jina darasani la nne ni kazi ya siku chache. Kulisahihisha baada ya mtahiniwa kusajiliwa ni kazi ya ofisi nyingi.

Pili ni hati ya uhamisho na rekodi za tathmini kutoka shule ya awali, zikiwa na muhuri. Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba katika mfumo wa kumbukumbu wa PReM, na namba hiyo hufuatana naye. Kenya ina namba ya tathmini inayotolewa na KNEC. Namba hizi ziandikwe mahali salama hata kama mtoto anahama nchi, kwa kuwa siku akirudi ndizo zitakazofungua faili lake.

Tatu ni ruhusa ya kukaa. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, na wazazi wengi hudhani jambo hilo linamhusu pia mwanafunzi. Kuvuka ni jambo moja, kukaa na kusoma ni lingine. Mwanafunzi raia wa nchi jirani anahitaji pasi ya mwanafunzi ya nchi anakosoma. Shule isiyoitaja wakati wa kupokea karo haimlindi mtoto siku maafisa wa uhamiaji wakipita.

Jumuiya imefika wapi

Kuna wakati tatizo hili halikuwapo. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa 1971 na kuunda NECTA kwa sheria ya 1973. KNEC ikazaliwa 1980 na UNEB 1983. Tangu hapo kila nchi imekuwa ikirekebisha mfumo wake kwa wakati wake, na mageuzi ya miaka hii ya karibuni yamefuata mkondo huohuo.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya elimu vya wenzao. Katika vyuo vikuu hatua imepigwa, hasa baada ya wakuu wa nchi kutangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Lakini itifaki ilifikiria cheti, yaani mtu aliyemaliza. Haikufikiria mtoto aliye njiani mwenye asilimia 40 ya alama zake katika kompyuta ya Nairobi au asilimia 20 katika daftari la shule ya Mbale.

Kinachokosekana hakihitaji mtaala mmoja kwa nchi zote, jambo ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi. Mabaraza matatu ya mitihani yangeweza kukubaliana karatasi moja ya uhamisho inayotaja tathmini zilizofanyika, na kanuni iliyo wazi ya jinsi nchi inayompokea mtoto inavyojaza pengo. Kwa bidhaa, karatasi za namna hiyo zipo. Mfanyabiashara mdogo anapewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, na afisa wa upande wa pili anakikubali bila kuuliza mahindi yalipaliliwa mara ngapi.

Mpaka hilo litakapofanyika, kanuni inayobaki kwa mzazi ni kuchagua ngazi nzima badala ya mwaka mmoja. Mtoto avuke mwanzoni mwa ngazi ya nchi anakokwenda, akae hadi lango lake, na uamuzi wa kumrudisha ufanywe hapo. Mzazi anayemsajili mtoto Senior One leo anasaini safari ya miaka minne, na wa Gredi ya 7 anasaini mitatu. Karo ya muhula wa kwanza ndiyo sehemu ndogo zaidi ya mkataba huo.